Uzima wa Mtu

Neno "mzima" ni fupi, lakini mzigo wake ni mkubwa. Huku Kinango twalitumia tangu asubuhi hata jioni. Mtungi usiopasuka ni mzima. Mgonjwa aliyeinuka kitandani ni mzima. Aliyevuka ujana huitwa mtu mzima. Waingereza nao wana jambo kama hili: neno lao la ukamilifu na neno lao la afya ni ndugu wa shina moja. Yaonekana watu wa mbali na wa karibu waliona kuwa afya na kutopungukiwa ni mambo ya jamaa moja.

Lakini kutopungukiwa ni nini? Lugha yetu yatufunza kwa maneno mawili, "yote" na "mzima". Miti yote ni hesabu. Msitu mzima ni umoja. Tazama kaya za Waduruma, ambazo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya ina msitu, makaburi, njia, miiko, na wazee wa kuilinda. Ondoa wazee na miiko, uache miti imesimama. Siku hiyo miti yote itakuwapo, wala hapana hata mmoja uliopungua, lakini kaya haitakuwa nzima. Kesho yake shoka litaingia.

Basi uzima hauko katika hesabu ya sehemu. Uko katika mapatano yao. Tukilishika neno hili, twaweza kuihukumu desturi mbaya. Wapo wasemao kwamba mtu asiye na mguu, au asiyeona, si mzima. Usemi huo waumiza, tena si wa kweli. Wasemao hivyo huhesabu viungo kama ahesabuye miti. Mtu asiyeona ambaye ahadi yake ni ahadi, na kazi yake ni safi hata pasipo msimamizi, ana uzima ambao wengi wenye macho mawili hawana.

Nini basi humvunja mtu? Humvunja kutengana kwa ulimi, moyo na mkono. Mwanafunzi aibaye majibu ya mtihani hupata cheti, na juu ya cheti ni jina lake. Lakini ujuzi unaotajwa humo si wake. Tangu hapo huwa watu wawili: yule asomwaye katika karatasi, na yule ajijuaye usiku. Kazi yake ya kila siku ni kuwazuia wawili hao wasikutane mbele za watu.

Mtu aweza kuuliza: je, mwizi asiyeficha wizi wake, ambaye moyo, kauli na tendo lake vyapatana, naye ni mzima? Swali ni zuri, nalo halifai kupuuzwa. Lakini mwibie mwizi huyo mbuzi wake, uone. Atapiga kelele na kudai haki ile ile aliyoikanyaga jana. Ataka sheria moja kwa watu na nyingine kwake. Kwa hiyo naye ana ufa, ila ameufunika kwa ujasiri. Mapatano ya ndani hayatoshi pasipo mapatano na jirani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kuwa aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na Sura yake ya Sita yadai uadilifu kwa viongozi. Ni vema yakumbukwe mambo hayo mawili pamoja. Miaka huja yenyewe, na kitambulisho hutolewa kwa kila raia aliyeifikisha. Uadilifu hauji hivyo. Hujengwa katika mambo madogo: chenji ya duka iliyozidi ikarudishwa, zamu ya kuteka maji isiyokwepwa, kosa lililokirika kabla ya kuulizwa. Enyi vijana, karibu mtaitwa watu wazima na serikali. Jina hilo mtapewa bure. Maana yake mtaitafuta wenyewe.