Siri ya Nyumba ni Amana ya Wawili

Enyi ndugu zetu Waislamu, twataka kusema nanyi juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kwa mlango wa simu. Zamani siri ya mke na mume ikitoka chumbani, ilipita vichochoro viwili vitatu ikafa. Leo yatiwa katika Facebook au WhatsApp, na kabla ya adhana ya Isha imekwisha fika Muscat na London.

Hatusemi ndoa ifichwe. Nikaha yatangazwa, na karamu ya arusi ni sunna. Na yule aoaye kwa kujificha asitafute hoja katika maneno yetu haya. Tusemalo ni lile lililo nyuma ya pazia. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 187, amewafananisha mke na mume na nguo, kila mmoja kwa mwenziwe, na kazi ya nguo ni kusitiri. Na Imamu Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu mwenye kueneza siri ya mkewe katika watu wa daraja mbaya kabisa Siku ya Kiyama.

Walitujia mke na mume, vijana, baada ya sala ya Alasiri. Waligombana juu ya masurufu, na bibi kwa hasira akaandika aibu za mumewe katika kundi la WhatsApp la arusi ya nduguye. Siku ya tatu wakapatana, naye akayafuta maneno yake. Lakini waliokwisha yanakili hawakuyafuta. Mume akatwambia, "Sheikh, mimi nimemsamehe, ila barazani siwezi kukaa." Hatukuwa na jawabu la kumpa.

Wala waume wasifurahi. Wako wampigao mke picha akiwa jikoni kichwa wazi, wakaionyesha watu, wakisema itafutika baada ya saa 24. Je, mwenyewe ameulizwa?

Suratun Nisaa, aya ya 35, yaamuru mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hao ni wawili, wenye uchungu na nyumba ile, si watu mia mbili wa kundi.

Lakini mwenye kudhulumiwa hatumwambii anyamaze. Kupigwa na kunyimwa chakula si siri ya nyumba. Na awaendee wazee wake, na wakishindwa, iko Mahkama ya Kadhi, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa hukumu za ndoa na talaka baina ya Waislamu.