Je, ni Dhambi Kutoa Siri ya Nyumba kwa Mshauri?

Wako wenzetu waliolemewa na huzuni wanaoogopa kwenda kwa mshauri nasaha, kwa maana sote tumelelewa tukiambiwa kwamba siri ya nyumba haitoki nje. Hofu hiyo ina heshima yake, wala hatuidharau. Lakini Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, katika maonyo ya kabla ya Ushirika Mtakatifu, humtaka asiyeweza kutuliza dhamiri yake aende kwa kasisi wake, au kwa kasisi mwingine mwenye busara na elimu, akamfunulie huzuni yake. Kwa kasisi mwingine! Wazee wale walijua kwamba anayetufahamu mno ndiye pengine tunayeshindwa kumwambia. Msengenyaji humtaja mwenziwe ili amshushe. Aliyeumia hutaja jeraha lake ili litibiwe. Hatuoni kwamba hayo mawili ni dhambi moja.

Mshauri si kasisi, wala haondoi dhambi. Siku ya kwanza, kwa muda wa kama saa moja, atatuuliza habari za usingizi, chakula, pombe na jamaa, na pengine kama tumewahi kufikiri kujiua. Tusishtuke, tumjibu kweli. Naye atueleze mapema kwamba atatunza maneno yetu, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini. Tusitazamie amhukumu mume wala mkwe. Wengine hurudi nyumbani wamechoka kuliko walivyokwenda, wakadhani wamepoteza nauli. Hiyo ni kawaida, na tuirudie safari wiki ifuatayo. Tusipopatana naye kabisa, tuombe mwingine. Si utovu wa adabu.