Kisu Mfukoni, Nia Moyoni

Mzee mmoja wa upande wa Chamwino, Mkristo mwenye kushika dini yake, alitujia na swali ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote, maana si lake peke yake. Mwanawe ni mchungaji wa ng'ombe, na siku zote hutembea na kisu cha kukunja mfukoni. Siku moja kijana huyo alikwenda kwenye mkutano wa hadhara, na mlangoni askari walikuwa wakiwapekua watu. Alikificha kisu ndani ya soksi. Akaulizwa kama ana kitu chochote, akasema hana, akapita. Hakuna aliyedhurika. “Baba Padre,” mzee akauliza, “kisu kile ni halali au si halali? Na mwanangu ametenda dhambi, au amejiepusha na usumbufu tu?”

Tuanze na sheria ya nchi, kwa kuwa Mkristo hana ruhusa ya kuidharau. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haipimi kisu kwa inchi. Uingereza hufanya hivyo: sheria yao ya mwaka 1988 humruhusu mtu kuwa na kisu cha kukunja hadharani kama makali yake hayazidi inchi 3, kikizidi hapo, lazima awe na sababu nzuri. Sheria yetu hutazama mambo mengine. Humkataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia wengine hofu. Humshika aliyejizatiti kwa nia ya kuvunja nyumba. Na anayenyang'anya mali ya mtu huku ana silaha au chombo cha hatari, adhabu yake si chini ya miaka 30 gerezani. Kisu kilichochonga fimbo asubuhi chaweza kumpeleka mwenyewe huko jioni, na chuma ni kile kile.

Basi ni kitu gani kilichobadilika? Si kisu, bali ni mahali, saa, na zaidi ya yote, nia. Mchungaji hukatia kamba ya ndama na kuchunia mbuzi. Mkulima wa zabibu hupunguzia matawi. Kumwita mtu wa namna hiyo mhalifu ni kuwaonea watu wa kazi. Lakini mlangoni mwa mkutano hakuna ndama wala mzabibu. Na Chamwino ya leo si malisho tu, maana ndipo ilipo Ikulu. Askari apekuaye watu hawezi kusoma mioyo. Aweza kupapasa mifuko tu. Asiyeweza kuona nia hana budi kuzuia chombo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, litolewalo na mwenye kuitunza jamii, na likatangazwa. Katika maneno hayo twapata wajibu wa pande mbili. Raia atii, hata kama agizo lamsumbua, iwapo lawalinda wengi. Lakini wakubwa nao waitangaze sheria, ili mchungaji asiyejua kusoma aijue kabla ya kushikwa. Mahakamani kutojua sheria si udhuru. Kwa hiyo lilikuwa jambo la haki kwamba mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria zetu. Tena askari anayekichukua kisu cha maskini mlangoni akirudishe baadaye, wala asikigeuze kuwa njia ya kudai rushwa. Mamlaka yakidharau haki, hufundisha watu kuficha vitu katika soksi.

Je, kijana alitenda dhambi? Alisema uongo kwa mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza, akajifanya peke yake mwamuzi wa usalama wa maelfu. Angaliweza kukiacha nyumbani, au kukikabidhi. Hilo ni kosa, nasi hatuwezi kuliita busara. Hata hivyo, tulipomwuliza mzee zaidi, alikaa kimya kidogo, ndipo akatuambia jambo lililo zito zaidi. Kijana wake aligombana na mwenzake kilabuni kwa habari ya ng'ombe. Tangu siku hiyo, hata jioni asipokwenda kuchunga, hatoki bila kisu.

Hapo ndipo penye hatari. Kisu hakikuongezeka urefu hata kidogo, bali kimebadilika kazi. Twajua atakavyojitetea: usiku njia ni ya hofu, kituo cha polisi ki mbali, na wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Neno hilo si la kupuuzwa. Kanisa halimkatazi mtu kuulinda uhai wake, mradi asitumie nguvu kupita kiasi. Lakini kujilinda ni kuikimbia shari mpaka njia zote zifungwe. Anayerudi kilabuni kule kule, saa ile ile, akiwa amejizatiti, haikimbii shari, bali aingojea. Na ulevi ukishika mkono, nani atapima kiasi? Petro naye, usiku ule wa Gethsemane, alidhani anamtetea Bwana. Akamkata mtu sikio, na Bwana akamwamuru aurudishe upanga mahali pake. Kama Petro mwenyewe alikosea, kijana wa kilabuni atajidhaniaje kuwa salama?

Wahenga walisema pia, nusu shari kuliko shari kamili. Kijana aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, au kwa wazee wa pande zote mbili, ugomvi wa ng'ombe ukatwe kwa maneno. Aache kilabu kwa muda. Akirudi usiku, arudi na mwenzake. Watu watamcheka, nasi hatumfichi kwamba kicheko hicho kinauma. Lakini kaburi na gereza vyauma zaidi, na mama hulia kwa vyote viwili.

Kwa wazazi wote twasema hivi: msiwanyang'anye vijana visu vya kazi. Waulizeni maneno matatu kabla hawajatoka mlangoni. Kwanza, kazi ya kisu hiki leo ni ipi? Pili, askari akikuuliza, waweza kumwonyesha bila kusema uongo? Tatu, ukikiacha nyumbani, utakosa nini: kazi yako, au ujasiri wako? Anayejibu kwamba atakosa kazi, na achukue kisu chake, aende kwa amani. Anayejibu kwamba atakosa ujasiri, au anayenyamaza, kisu chake na kibaki nyumbani, na baba yake aende naye kwa yule waliyegombana naye.