Deni la Kichwa Chekundu

Mtu akipanda mahindi hapana amwulizaye sababu, maana njaa ni jibu linalojulikana na wote. Akipanda mwarobaini, watu watasema ametafuta kivuli na dawa. Lakini akipanda mpungate wa mapambo, mmea wa miiba usiopikwa wala usiofaa kwa kuni, hana budi kujieleza. Nataka kumweleza mtu mmoja wa namna hiyo, kwa sababu kazi aifanyayo kwa kujifurahisha ilinifunza jambo ambalo sikulipata katika vitabu vyangu vya shule.

Mtu huyu hukaa Lucky Summer, mtaa ulioko mashariki mwa Nairobi, katika eneo la Ruaraka. Jirani zake ni Baba Dogo na Korogocho na, ng'ambo ya mto, Dandora. Jina la mtaa maana yake ni kiangazi chenye bahati. Walakini mgeni afikaye siku upepo uvumapo kutoka Dandora, liliko jalala kuu la jiji, hupokewa na moshi kabla ya kupokewa na mtu. Nyumba za ghorofa zimesongamana, na nafasi iliyobaki kwa bustani aghalabu haizidi upana wa mlango. Katika ua mmoja wa namna hii, mzee aliyestaafu kazi hulea mipungate katika makopo ya rangi, madumu yaliyokatwa na sufuria zilizotoboka. Huipa mchanga, kokoto ndogo na chembe za makaa, kwa kuwa udongo mweusi wa upande ule hushika maji mno na kuozesha mizizi. Maji ya bomba yakikatika kwa juma zima, mwenye mboga hulia. Mimea ya mzee hungoja bila manung'uniko.

Nilipomtembelea mara ya kwanza, macho yangu yaliipita mimea yote yakatua juu ya mmoja. Ulikuwa na kichwa cha mviringo, chekundu kama nyanya iliyoiva, kimekaa juu ya shina la kijani lenye pembe tatu. Nikauliza, "Shikamoo mzee. Huu mwekundu unaitwaje?"

Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeuliza kama waulizavyo wote. Tangu nianze kazi hii, hajaja mtu akaniuliza habari za ule wa chini."

Ndipo nilipojua kuwa nilichokiona kuwa mmea mmoja kilikuwa mimea miwili. Wa juu, ambao wataalamu huuita Gymnocalycium mihanovichii, asili ya jamii yake ni nchi za Paraguay na Argentina, na huko porini rangi yake ni kijani kilichochanganyika na kijivu. Mwaka 1941, mkulima mmoja wa Japani aitwaye Watanabe aliona katika maelfu ya miche yake michache iliyotokea na wekundu. Wekundu huo ulikuwa uzuri, na pia ulikuwa msiba. Mimea hujipatia chakula kwa kutumia mwanga wa jua, na kazi hiyo hufanywa na rangi ya kijani iitwayo klorofili. Mmea uliokuwa mwekundu mtupu hauna klorofili, basi hauwezi kujilisha. Akiba ya chakula iliyomo katika mbegu ikiisha, na maisha yake huisha. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kupandikizwa juu ya mmea mwingine wenye nguvu. Mara nyingi mbebaji huyo huwa ni mpungate utambaao, wa jamii izaayo lile tunda la joka ambalo baadhi ya wakulima wa Kenya wameanza kulipanda. Siku hizi vipandikizi vya namna hii huzalishwa kwa mamilioni, hasa nchini Korea ya Kusini, vikauzwa duniani kote.

Mzee alinionyesha jinsi kazi inavyofanywa. Alisafisha kisu chembamba kwa spiriti, akakata kilele cha shina la kijani kwa mkato mmoja ulionyoka. Akachonga kidogo pembe za shina, ili lisinywee likikauka na kuacha shimo. Kisha akakata kichwa kidogo chekundu upande wa chini. Katikati ya kila kipande palionekana duara dogo, yaani mirija ipitishayo maji na chakula. Akakiweka kichwa juu ya shina, duara zikagusana, akavifunga kwa mipira myembamba iliyopita chini ya kopo. "Duara zisipogusana," alisema, "wa juu atakauka hali ameketi juu ya chakula." Akaliweka kopo kivulini pasipo maji, lingoje siku kumi au kumi na nne hata jeraha mbili ziwe kovu moja.

Nilimwuliza kama yafaa kutumia mnyaa, ule mmea wa ua tuujuao sana, maana nao ni kijani na unafanana na mpungate. Alitikisa kichwa. Mnyaa ni wa jamii nyingine kabisa. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe uwezao kuumiza macho, na kipande cha mpungate hakishiki juu yake. Mipungate karibu yote ni wageni waliotoka Marekani, na mnyaa ni mwenyeji wetu. Kufanana si udugu. Anayeweza kumbeba mwingine kwa maisha yake yote ni yule ambaye mishipa yao hukubaliana.

Basi hapa pana swali la maadili ambalo napenda msomaji alitafakari pamoja nami. Je, abebwaye ana deni kwa ambebaye? Na kama analo, hulipwaje?

Labda utasema kuwa mimea haina moyo, kwa hiyo haina deni. Ni kweli. Sitaki kuushitaki mpungate. Wekundu wake haukuuchagua, wala hakuna aliyempa haki ya kuchagua yule wa chini. Tena ni haki kusema kuwa kubebwa si aibu. Mtoto mchanga hubebwa, mgonjwa hubebwa, mzee aliyelima miaka sitini hubebwa na wale aliowalisha. Mtu awadharauye hawa kwa kuwa hawajilishi amesahau alivyoanza, na hajui atakavyomaliza. Kama pana kosa, halimo katika kuhitaji. Tulitafute mahali pengine.

Tazama mimea mingine ipandikizwayo. Kila mparachichi wa aina ya Hass ulioko Murang'a ni tawi lililokaa juu ya mizizi ya mparachichi mwingine, mara nyingi wa kienyeji. Na asili ya matawi hayo yote ni mti mmoja ulioota California katika miaka ya 1920. Miembe mingi ya Makueni ni hivyo hivyo. Katika karne ya 19, mdudu mdogo aliyetoka Marekani aliangamiza mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, na mizabibu iliyosifika dunia nzima iliokolewa kwa kupandikizwa juu ya mizizi ya mizabibu ya Marekani ambayo mdudu yule hakuiweza. Hawa wote wamebebwa kama kichwa chekundu kilivyobebwa. Lakini wana majani ya kijani. Wakipokea maji kutoka chini, hutengeneza chakula juu na kukirudisha mizizini. Mzizi hunywesha tawi, na tawi hulisha mzizi. Kichwa chekundu hupokea tu.

Kwa hiyo ziko namna mbili za kubebwa. Ya kwanza ni ya tawi la kijani, na ya pili ni ya kichwa chekundu. Mpungate hauwezi kuchagua. Mwanadamu mzima mwenye akili na afya anaweza. Hapo ndipo deni lake linapoanzia.

Nakuomba radhi, msomaji, nikijitoa mfano, maana si vyema kunyoosha kidole kwa wengine pale ambapo kidole changu kinanihusu. Nilisomeshwa na dada yangu. Aliacha shule akiwa darasa la saba, akafua nguo za watu miaka mingi ili karo yangu ipatikane. Siku nilipopewa zawadi mbele ya umati kwa kufaulu mtihani, niliwashukuru walimu, nikamshukuru mgeni wa heshima, nikawashukuru hata wenzangu niliowashinda. Dada yangu alikuwa ameketi safu ya nyuma, amejifunga kanga aliyoiazima kwa ajili ya siku ile. Sikumtaja. Sikusahau jina lake. Niliona haya watu wasije wakageuka wakaiona mikono yake iliyochubuka kwa sabuni. Hakunilaumu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliichukua zawadi yangu akanibebea, akisema nimechoka.

Ilipita miaka mingi kabla sijamwomba msamaha. Alicheka, akasema amekwisha sahau. Sikuamini kuwa alisahau, na sidhani alitaka niamini. Niliposimama katika ua wa yule mzee na kusikia kuwa hapana aulizaye habari za wa chini, kumbukumbu ya safu ile ya nyuma ilinirudia. Mpungate haukuchagua kuwa mwekundu. Mimi nilichagua.

Yaliyo kweli kwa mtu ni kweli pia kwa mji. Nairobi ni kichwa kizuri, chenye majengo marefu na taa nyingi. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Chakula chake hutoka mashambani. Taka zake zimetupwa Dandora tangu miaka ya 1970, na moshi wake huvutwa na watoto wa Dandora, Korogocho na Lucky Summer ambao hawakuzizalisha taka hizo ila kwa sehemu ndogo. Asubuhi na mapema watu wa mitaa hii hutoka kwa miguu na kwa matatu kwenda kufagia, kujenga, kupika na kulinda upande wa pili wa jiji. Mtu atazamaye picha ya Nairobi huona kichwa, na shina halimo katika picha. Hatuwezi kusema jiji lisiwepo, kama vile tusivyosema kichwa chekundu kisiwepo. Tunachoweza kuuliza ni kitu gani kinachorudi mizizini.

Mzee wa Lucky Summer alinieleza jambo moja zaidi. Wafanyao biashara ya mimea hii mara nyingi hulikata fupi shina la chini, ili kichwa kionekane kama kimeota chenyewe katika kopo. Mnunuzi hupendezwa. Lakini shina fupi lina kijani kidogo, na kijani kidogo hutengeneza chakula kidogo; basi baada ya miaka michache wote wawili hudhoofika na kufa. Yeye huliacha shina liwe refu, hata kama majirani humwambia kuwa kichwa kimekaa kama kuku juu ya mlingoti. "Nimemwachia wa chini nafasi ya kuota jua," alisema. "Akishiba yeye, wa juu hatalala njaa."

Maneno hayo yana hekima kuliko yanavyoonekana. Amfichaye mbebaji wake kwa kuona haya humpunguzia nguvu, na kwa kumpunguzia nguvu hujichimbia kaburi. Ampaye nafasi, heshima na jua, hurefusha maisha ya wote wawili. Shukrani basi si pambo la maneno la siku ya sherehe. Ni sehemu ya chakula.

Vijana msomao kitabu hiki, karibu ninyi nyote mmepandikizwa. Yuko mtu aliyeuza mboga, aliyeshona, aliyeendesha mkokoteni, au aliyeacha daftari lake ili ninyi mpate la kwenu. Msione haya kwa kubebwa, na msidhani mmeota wenyewe. Tafuteni mahali mlipounganishwa na watu wenu, mpatazame bila kugeuza uso. Kisha fanyeni mambo mawili. La kwanza, mtajeni aliyewabeba kwa jina, mbele ya watu, angali hai wa kusikia. La pili, mjitahidi kuwa na kijani: elimu mliyopewa itengeneze kitu kitakachoshuka mpaka mizizini, iwe ni fedha, ni kazi ya mikono, ni barua iliyosomwa kwa asiyejua kusoma, au ni sauti ya kuwatetea wanaovuta moshi wa taka za wengine.

Na mtu akikuuliza mmea usioliwa una faida gani katika mtaa wenye shida nyingi, mwambie kuwa uko ua mmoja Lucky Summer ambako mpungate katika kopo la rangi ulimkumbusha mtu mzima deni lake. Mahindi yangemshibisha siku ile, wala si jambo dogo kushiba. Lakini shibe isingemfanya apande matatu jioni ile ile kwenda kumwamkia dada yake.