Maporomoko Uani, Bomba Likiwa Kavu

Mawe yaliposhushwa mlangoni kwangu, ustadhi wa mtaa wetu alisimama kuyatazama. “Mwalimu, unajenga msingi?” Nikamwambia hapana, ni ya maporomoko. Uani nina bwawa dogo la perege, nami nataka maji yashuke juu ya mawe. Hakucheka. Aliuliza maji hayo yatakwenda wapi, nikamjibu kwamba yatarudi yalikotoka, pampu itayapandisha tena. “Na israfu je?” akasema, akaenda zake kuadhini.

Swali lake ni la haki. Sisi watu wa Tanga wa madhehebu ya Shafi hesabu ya maji tunaianza utotoni. Anas amesimulia, na hadithi yake ni sahihi, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kipimo kisichofika lita moja. Ipo pia ile ya Saad, aliyekanywa asifuje maji ya udhu hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wana maneno yao juu ya isnadi ya hadithi hiyo, lakini nani kati yetu hakutajiwa na bibi yake alipoacha bomba wazi? Bwawa langu linachukua kama lita 3,000. Kwa kipimo cha kibaba, hayo ni maji ya mtu mmoja kutawadha kwa kila swala ya faradhi zaidi ya miaka miwili. Hesabu hiyo ukiitazama usiku, usingizi unakwenda.

Hata hivyo kufuja ni kupoteza, na maji ya maporomoko hayapotei yakijengewa sawasawa. Hapa dini inamhitaji mwashi. Chini ya mawe yote linatandikwa turubai zito la plastiki, na kingo zake zinapandishwa nyuma ya mawe, juu kuliko maji yatakapofika. Mawe makubwa yanatandikiwa magunia kwa chini ili yasilitoboe. Nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe zinazibwa kwa udongo wa saruji kutokea nyuma, la sivyo maji yanapita chini kwa chini, wewe unaona mawe makavu huku bwawa likipungua. Jiwe la juu kabisa, la mdomo, liwe bapa, liinamie mbele kidogo na litokeze. Lisipotokeza, maji yanarudi kwa kuramba tumbo la jiwe, yanaingia ukutani, na ardhi inayanywa kimya kimya. Fundi wangu aliliweka, akalitoa, akaliweka tena, mpaka maji yakaanguka wima. Nilimwambia amefanya ibada. Akasema alidhani amefanya kibarua.

Saruji mbichi inatoa chokaa inayoua samaki, kwa hiyo mawe yalisuguliwa na kusuuzwa kwanza, na maji yale tukayamwaga njiani kulaza vumbi. Jua nalo linachukua chake kila siku. Ninafidia kwa mvua ya bati. Maji yanayoanguka yanaingia bwawani na hewa, ndiyo perege wanayopumulia. Wazee wa Lamu walilijua jambo la samaki na maji ya nyumbani mapema: katika mabirika yao waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kauri ili maji yakipungua visamaki vibaki na pa kuishi. Uzuri na manufaa katika bakuli moja. Hakuna aliyewaambia wale wazee kwamba wanafuja kauri ya Kichina.

Kuhusu mawe yenyewe, nina hoja ninayoipenda. Katika Sura ya Al-Baqara, mahali ambapo Mwenyezi Mungu anawakemea wenye nyoyo ngumu, mawe yanatetewa: yapo yanayobubujika mito, yapo yanayopasuka yakatoa maji, yapo yanayoporomoka kwa kumcha Yeye. Pepo nayo inasifiwa kwa mito inayopita chini yake. Mtu akiniambia kwamba kupenda maji yatiririkayo juu ya jiwe ni upuuzi wa wenye nacho, simsikilizi.

Nimewahi kufika Kilwa Kisiwani. Katika magofu ya Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 linalonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lipo birika la pembe nane, na bahari iko chini ya genge. Wengi huliita bwawa la kuogelea la sultani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani huyo, akaandika kwamba kwa ukarimu wake aliitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia habari ya fakiri kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa, baada ya swala ya Ijumaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Kumbe mtu mmoja anaweza kuwa na birika la anasa na mkono mkunjufu. Lakini pale kwenye ukingo wa birika fikira zangu hazikuwa kwa sultani, zilikuwa kwa mabega. Pampu haikuwepo, kila mtungi uliolijaza ulipandishwa na mtu, na Ibn Battuta hakumtaja hata mmoja wao. Israfu ya Husuni Kubwa, kama ilikuwepo, mimi naihesabu kwa jasho kabla ya kuihesabu kwa maji.

Kwangu anayebeba ni pampu ya wati 60, ambayo ikizunguka saa 12 haili hata uniti moja ya umeme. Nilidhani nimeshatoka salama.

Kilichonikamata ni jambo ambalo ustadhi hakuliuliza. Mabomba ya mtaa yalipokuwa yamekauka, na madumu ya njano yakipita kwa mikokoteni, jirani yangu wa nyuma ya ukuta aliniambia, tena kwa kicheko: “Mwalimu, usiku nasikia mvua, naamka nikinge ndoo, kumbe ni kwako.” Sikujua uso niuweke wapi. Maji yangu hayavuki ukuta, lakini sauti yake inavuka. Ni kama chungu cha nyama: harufu haiombi ruhusa. Na juu ya chungu tumeshapewa agizo katika Sahihi Muslim, Abu Dharr akiusiwa kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke jirani zake. Fiqhi ya israfu inanipimia lita. Hadithi ya mchuzi inanipimia jirani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo mizani nzito zaidi hapa.

Dawa ya haraka ni kuzima. Ila bwawa lililojaa samaki likizimiwa pampu, alfajiri utawakuta perege wanahema juu ya maji, na kuua kiumbe kwa sababu ya adabu nako kuna hesabu yake. Kwa hiyo nimepunguza samaki, wengine wakaliwa, wengine wakagawiwa, mpaka waliobaki wanaweza kuishi usiku kucha bila maporomoko. Sasa bomba la mtaa likikauka, yangu nayo yananyamaza. Jirani nao nawagawia maji. Ya perege hayanyweki, ndiyo maana kinachogawiwa ni maji ya tangi langu la mvua.

Wewe unayetaka kujenga, usikatishwe tamaa na mwenye kukuambia ni haramu. Sijaona dalili yake. Ila yaelekeze maporomoko kwenye baraza yako, yaupe mgongo ukuta wa jirani. Na kabla hujanunua mawe, nunua tangi la kukinga mvua, uliwekee bomba upande wa njiani.