Pikipiki Hii ni ya Mwaka Gani?



Kijana mwenzangu, leo tutafakari swali ambalo hukufundishwa kwenye mafundisho ya Kipaimara, ila gereji linaulizwa kila siku.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu ni fundi pikipiki. Kwa miezi kadhaa amekuwa akijenga pikipiki yake mwenyewe. Fremu ni ya Honda CG125 ya zamani, aliyoinunua kwa mzee mmoja ikiwa imelala chini ya mwembe. Injini ni ya Kichina, mpya kabisa, cc 150. Shokapu za mbele na breki ya diski kazitoa kwenye pikipiki iliyopata ajali. Tangi kalipiga rangi upya, kiti kakipeleka kwa fundi viti. Jamani, imependeza! Akapata mteja anayetaka kuifanyia bodaboda, na mteja akauliza swali moja tu: "Hii ni ya mwaka gani?"

Fundi akanifuata baada ya Misa. "Kaka, nimjibu nini?"

Nikamwuliza kama kuna kitu kingine mteja angependa kujua. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba shingo ya fremu, pale chini ya tangi, ilikuwa na ufa. Kauchomelea, kapiga msasa, kapaka rangi. Hauonekani.

Basi hapo ndipo swali la mwaka lilipogeuka kuwa swali la dhamiri.

Kuunganisha si dhambi

Tuanze na hili, maana wapo wanaodhani kitu cha kuunga-unga lazima kiwe cha kitapeli. Sivyo. CG125 ilianza kutengenezwa miaka ya 1970, na injini nyingi za Kichina tunazoziona barabarani zimefuata muundo wa injini yake. Ndiyo maana fundi hodari anaweza kuipa fremu ya babu injini ya mjukuu, na zikaelewana.

Huko Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, vijana walikuwa na pikipiki zao zilizoitwa Triton. Walichukua fremu ya Norton, ile iliyobuniwa na Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini, ambayo Norton walianza kuitumia kwenye mashindano mwaka 1950. Ilisifika kwa kutulia barabarani. Ndani yake wakaweka injini ya Triumph ya silinda mbili, yenye nguvu na rahisi kuiongezea kasi. Baadhi ya fremu hizo zilipatikana kwa njia ya ajabu: watu wa mashindano ya magari madogo ya cc 500 walitaka injini ya Norton, lakini ilibidi wanunue pikipiki nzima ili waipate. Wakachomoa injini, fremu zikabaki hazina kazi. Kilichobaki kwa mmoja kikawa mwanzo wa mwingine.

Lakini injini ile haikuingia tu kama mkono kwenye glavu. Ilibidi kukata mabamba ya kuishikilia. Ilibidi sproketi ya mbele na ya nyuma zikae mstari mmoja, la sivyo cheni inaruka. Fundi wetu anajua taabu hiyo. Pikipiki nyingi za zamani zilitumia umeme wa volti 6, za leo ni volti 12. Ukiweka balbu ya zamani kwenye umeme mpya, inaungua papo hapo. Ukiweka injini kali na kuacha breki za zamani, umempa mtu mwendo bila kumpa namna ya kusimama.

Yesu naye aliliona hili. Katika Injili ya Marko sura ya 2 anaeleza kwamba kiraka cha nguo mpya hakifai kwenye vazi kuukuu, kwa sababu kitavuta na kulichana zaidi. Lakini katika Mathayo 13 anamsifu mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya zamani pia. Kwa hiyo tatizo si upya wala ukale. Tatizo ni kulazimisha visivyopatana, halafu kumwachia mwingine achanike.

Jibu la kijanja

Turudi kwenye mwaka. Wanafalsafa wana swali la kale kuhusu meli ya Theseus, alilolisimulia Plutarko: mbao zikioza zinabadilishwa moja moja, mpaka haibaki hata ubao mmoja wa mwanzo. Je, bado ni meli ile ile? Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba kitu si malighafi yake tu, ni pia umbo lake, yaani ule mpangilio unaozifanya mbao ziwe meli na si rundo la kuni.

Fundi wetu hajasoma Aristotle, ila jibu lake lilikuwa tayari: "Injini ndiyo moyo wa pikipiki. Moyo ni wa mwaka huu. Kwa hiyo pikipiki ni ya mwaka huu." Ukisikiliza, lina mantiki. Lakini mwuzaji wa vitu vya kale angesema kinyume: fremu ndiyo pikipiki, kwa hiyo hii ni ya zamani sana na bei yake ipande. Umeona mchezo? Kila mmoja anachagua kipande kinachomlipa, kisha anakiita kitu kizima.

Triton ilikuwa na uungwana fulani. "Tri" ya Triumph, "ton" ya Norton. Jina lenyewe lilikiri kila kitu. Kumbe swali la mwaka gani lina jibu la kweli, ila ni refu kidogo: fremu ya zamani, injini mpya, shokapu na breki za pikipiki nyingine. Hata kadi ya pikipiki ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, kadi haisemi tena kweli mpaka irekebishwe.

Na ule ufa?

"Lakini hakuniuliza kuhusu shingo ya fremu," fundi akasema. "Kunyamaza siyo kudanganya."

Hapa Thoma wa Akwino anatusaidia moja kwa moja. Katika Summa Theologiae, sehemu inayohusu kuuza na kununua, anauliza kama mwuzaji anapaswa kutaja kasoro za bidhaa yake. Zama zake hakukuwa na bodaboda, basi mfano wake ni farasi. Farasi akiwa na jicho moja, mnunuzi analiona mwenyewe. Huna lazima ya kulitangaza, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro ikiwa imejificha, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima useme. Anataja farasi kilema anayeuzwa kama mwenye mbio, na nyumba inayokaribia kuanguka inayouzwa kama imara.

Tangi lililopigwa rangi upya ni jicho la farasi. Ufa kwenye shingo ya fremu ni nyumba inayokaribia kuanguka. Nilimwambia awaze siku ya mvua, barabara ya vumbi imegeuka utelezi, na nyuma ya dereva amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Yule mama hakuwepo wakati wa kupatana bei. Hakuna aliyemwuliza chochote. Lakini uzito wake utakaa juu ya ule mchomeleo.

Fundi alimwita mteja, akafungua tangi, akamwonyesha. Wakakubaliana aimarishe shingo kwa chuma kabla ya kukabidhi, na mteja akashusha bei laki mbili na nusu. Baadaye fundi akaniambia, bila tabasamu: "Kaka, ukweli umenila laki mbili na nusu."

Sikumwambia kwamba Mungu atamrudishia mara mbili. Simwahidi mtu hivyo. Nilimwambia ninachoamini: ile laki mbili na nusu haikuwa yake. Ilikuwa bei ya mteja kutojua. Ndiyo maana hapa Amri ya Nane haisimami peke yake, na ile ya Saba imo.

Wewe ni wa mwaka gani?

Kijana, wewe na mimi pia tumeungwa-ungwa. Rozari tulifundishwa na bibi. Lugha ya mtaani tumeitoa mtaani. Mawazo mengine yametoka shule, mengine kwenye simu usiku wa manane. Tuna majeraha yaliyochomelewa na kupakwa rangi. Usione aibu kuwa mchanganyiko. Neema haingoji mtu ambaye vipuri vyake vyote ni vya kiwandani.

Ila kuna watu watakaotupanda, kwa maana ya kutuwekea uzito wa maisha yao. Mchumba wako ni mmojawapo. Si lazima umsimulie kila kosa la utotoni. Lakini deni kubwa, ugonjwa, mtoto uliyemzaa, hivyo ni nyufa za shingo. Ana haki ya kufunguliwa tangi kabla ya kula kiapo, siyo baada ya harusi.

Na mbele ya Mungu, kitubio ndiyo gereji pekee ambapo fundi anaujua ufa kabla hujafungua mdomo, na bado anataka wewe mwenyewe uutaje. Kumbuka pia kwamba Ubatizo na Kipaimara vimeweka ndani yako alama isiyofutika. Ni kama namba iliyogongwa kwenye chesisi: badilisha injini, badilisha tairi, anguka, inuka, namba inabaki kusema wewe ni wa nani.

Wiki hii, jiulize maswali mawili. Kuna kitu ninachokiuza, cha mikono yangu au cha maisha yangu, ambacho jibu langu kwa swali la mwaka gani ni la kijanja tu? Na kuna mtu ambaye uzito wake utakalia ufa nilioupaka rangi?

Tuombe: Ee Bwana, wewe unatufahamu hadi chini ya rangi. Tupe mikono inayounganisha vizuri na mdomo unaosema kweli, hata pale kweli inapotupunguzia mfuko. Walinde wote walio barabarani leo, na wale waliowapakia. Amina.