Tia Nanga Kabla ya Giza

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–29, Waefeso 4:26



Agosti iliyopita mimi na mke wangu tulitimiza miaka kumi ya ndoa. Watoto tukawaachia nyanya yao, tukapanda basi hadi Mokowe, tukavuka Lamu na kukodi mashua ya tanga kwa siku nne. Mpango ulikuwa kwenda polepole hadi Kiwayu: mchana tusafiri, usiku tutie nanga bandarini na kulala humo humo chomboni.

Lakini niseme ukweli. Nilipanda mashua ile na siri. Nilikuwa nimekopa shilingi 180,000, kwa simu na kwa marafiki, nikijaribu kuokoa biashara ya kuku iliyokuwa imeshakufa. Mimi niliyesomea biashara! Mimi ninayewafundisha wanandoa bajeti! Mke wangu hakujua hata shilingi moja.

Siku ya kwanza tulipita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Pale hupiti saa unayotaka wewe. Maji yakijaa unapita, yakipwa unakwama. Usiku tulilala nje ya Pate. Nikafungua mdomo niseme, nikaufunga. Nikajiambia, tusiharibu likizo.

Siku ya pili tulifika Faza saa tisa na nusu. Kusi ilikuwa nzuri, inatusukuma kutoka nyuma. Nikamwambia nahodha, "Mzee, twende tu mpaka Kiwayu, jua bado liko."

Akasema, "La, mwanangu. Giza likitukuta njiani, miamba siioni. Leo twalala hapa."

Nikamkumbusha ni nani aliyelipa. Hakunijibu. Alitua tanga, akatia nanga, akaanza kupika wali.

Nilinuna. Halafu Roho Mtakatifu akanikumbusha Matendo 27. Meli ya Paulo iko Bandari Nzuri, kule Krete, na majira mazuri ya kusafiri yamepita. Paulo anawaonya. Lakini akida wa Kirumi anamsikiliza nahodha na mwenye meli, kwa sababu wanataka kufika Foinike, bandari iliyo bora zaidi. Upepo wa kusini ukavuma kwa utulivu, wakaona mambo ni sawa, wakang'oa nanga. Mpendwa, upepo mzuri si ruhusa! Usiku wa kumi na nne, watu 276 wako gizani, nanga nne zimetupwa nyuma ya meli, wanaomba tu kupambazuke.

Ndipo nikajua shida yangu. Sikuwa na haraka ya Kiwayu. Nilikuwa naogopa bandari. Mchana kuna tanga, kuna samaki, kuna picha za kupiga. Usiku nanga ikishatiwa na nahodha amelala kule mbele, mnabaki wawili, na hakuna mlango wa kutokea.

Usiku ule nikasema yote. Aliniuliza swali moja tu: "Na kodi ya nyumba je?" Nikamwambia miezi miwili haijalipwa. Akageukia upande wa pili.

Kesho yake, siku nzima, hatukuongea isipokuwa "nipe maji." Nilijuta kusema. Lakini tulipotia nanga Kiwayu usiku, alikuja akakaa karibu nami. Akasema, "Baba watoto, deni tutalipa. Kinachoniuma ni kwamba miezi minane umelala kando yangu na hukuniambia." Nililia. Tukaomba pamoja, sala fupi.

Waefeso 4:26 inatukataza kuliacha jua litue tukiwa na hasira. Sidhani maana yake ni kila jambo liishe kabla ya saa moja usiku. Letu lilichukua bandari mbili. Maana yake ni usiendelee na safari kana kwamba hakuna kitu. Tia nanga, sema. Jibu lisipokuja leo, kesho kuna bandari nyingine.

Siku ya nne, wakati wa kurudi Lamu, kusi ile ile ilitupiga usoni. Tulienda kwa kubisha, huku na huku, jasho tupu. Na deni letu liko hivyo hivyo. Tunalipa kidogo kidogo hadi leo, na daftari la hesabu analishika mama.

Wiki hii chagueni usiku mmoja. Zimeni televisheni, simu wekeni mbali. Mwenye siri aanze. Anayesikia asikilize mpaka mwisho, hata kama hana neno la kujibu usiku huo. Na wewe usiye na mwenzi, mtafute mzee wa kanisa unayemwamini, umwambie lile unalolizungusha.

Tuombe: Bwana, tunaogopa bandari kuliko dhoruba. Tupe ujasiri wa kusimama mahali unapotuambia tusimame, na neema ya kusema kweli usiku huu. Katika jina la Yesu, Amina.